Kaye Isiyosomwa: Haki Kazini na Moyo wa Ziada Hapa Kolwezi



Kila tunapokutana, iwe kwenye kilio, iwe kwenye arusi, kuna ulizo moja linarudi: sababu gani vijana wa leo hawana moyo wa kazi kama wazee wetu wa Gécamines? Majibu yanakuja haraka: simu, uvivu, malezi, pombe. Miye ninanyamaza. Kuna barua moja niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kila ninaposikia ulizo lile ninaikumbuka. Leo nataka niwaeleze habari ya barua hiyo, halafu nirudi nyuma mpaka wakati wa Union Minière, kwa sababu naamini historia ya mji wetu inajibu ulizo lile vizuri kuliko kulaumu vijana.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika ofisi ya watumishi ya kampuni moja ya sutretansi, maana yake kampuni inayoajiri watu na kuwapeleka kufanya kazi ndani ya mgodi wa kampuni nyingine. Majina siyataji. Usiku mmoja wa mvua, bomba linalopitisha tope la madini lilipasuka kwenye kiungo. Kazi ikasimama mpaka asubuhi. Kulikuwa na kijana wa kwetu pale, kazi yake kuosha sakafu na kuzoa tope. Uchunguzi ukaonyesha kwamba aliona kiungo kikivuja tangu mwanzo wa zamu, na hakuambia mtu.

Mkubwa wangu akaniita: andika barua ya onyo, sababu yake hana moyo wa kampuni. Nikamwita kijana ofisini. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kwa adabu, kofia mkononi, akajibu:

"Papa, mara ya kwanza nilisema. Nikaandika na mu kaye. Hakuna mutu alisoma."

Nikaenda kutafuta kaye ya zamu. Nikafungua kurasa za nyuma. Wiki tatu mbele ya siku ile, mwandiko wake ulikuwa pale, na tarehe, na mahali: kiungo kinatoa maji. Chini yake, pale ambapo sefu anapaswa kutia sahihi, palikuwa peupe. Ukurasa uliofuata ulikuwa peupe vilevile, na uliofuata pia. Nikaulizauliza zaidi, nikakuta kwamba mwezi ule ule primi ya usalama ilitolewa kwa watumishi wa kampuni kubwa waliokuwa wakisimama kando ya bomba lile lile. Watu wetu wa sutretansi hawakuwa kwenye orodha. Hawakuambiwa kwa nini.

Nikafunga kaye. Nikaandika barua. Miezi mitatu baadaye kontra ya yule kijana ilikwisha, na haikurudishwa.

Ndiyo barua yangu hiyo. Sasa nirudi kwa wazee.

Baba yangu alikuwa fundi wa pampu. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua maana yake: mgodi wa wazi ni shimo, na kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 mvua inalijaza shimo. Pampu zikilala, mgodi unakufa. Mama anasimulia kwamba miaka ya 1980, mvua ikianza kupiga mabati usiku, baba alikuwa akiamka, anavaa salopeti, anapanda kinga, anaenda kuangalia pampu ambazo usiku ule hazikuwa zamu yake. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemlipa saa zile. Siku moja, mwaka 1988, nikiwa na miaka 6, nilimuuliza anaenda wapi na mvua hii. Akanijibu:

"Maji haiyue zamu ya mutu."

Kwa miaka mingi nilidhani jibu ndilo hilo tu, kwamba baba alikuwa mtu mwema na watu wa sasa si wema. Lakini kabla hajafa nilimuuliza tena, miye sasa nikiwa mtu wa ofisi ya watumishi: hasa kwa nini ulikuwa unatoka? Akafikiri sana. Hakusema mshahara. Hakusema kampuni ni baba na mama, ingawa alikuwa akisema hivyo siku nyingine. Alisema:

"Kile nilikuwa naandika mu kaye, balikuwa banasoma."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunga jambo hili mbili pamoja. Kaye ya baba ilisomwa. Kaye ya yule kijana haikusomwa. Na wenye elimu ya kazi wamelichunguza jambo hili kwa miaka, nasi tulifundishwa, ila tulilikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Mwaka 1988, Mmarekani Dennis Organ alitoa kitabu juu ya mambo ambayo mtumishi anafanya bila kuandikwa katika kontra na bila kulipwa moja kwa moja: kumsaidia mwenzake aliyelemewa, kutoa habari ya hatari, kutunza chombo kisicho chake. Aliona kwamba kazi yoyote kubwa ingesimama kama kila mtu angefanya tu kile kilichoandikwa. Mwenzake Jerald Greenberg, karibu na miaka ile ile, alianza kuipa haki ya kazini jina lake na kuipanga. Kuna haki ya mgawo: nani anapata nini. Kuna haki ya utaratibu: uamuzi ulipitia njia gani, na je, ni njia moja kwa wote. Na kuna haki ya kauli: uliambiwaje, kwa heshima au kwa dharau, kwa maelezo au kwa ukimya. Mwaka 1991, Robert Moorman alipima haki hizi zote kwa pamoja na moyo wa ziada. Kilichofungamana zaidi na moyo ule hakikuwa mgawo. Ilikuwa namna mkubwa anavyowatendea watu wake na kuwaeleza mambo.

Sisemi pesa si kitu. Mtu mwenye njaa hasomi nadharia. Ninasema kwamba pesa inanunua kile kilichoandikwa katika kontra. Ile ziada inatoka mahali pengine, na historia ya Lualaba inaonyesha mahali hapo vizuri kuliko vitabu vya Marekani.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwezi wa 10 mwaka 1906. Miaka ya kwanza watu waliletwa kwa kontra fupi kutoka mbali, Rhodesia ya Kaskazini, halafu Kasai na Ruanda-Urundi. Kambi zilikuwa mbovu, magonjwa yaliua wengi, na wengine walitoroka. Karibu na mwaka 1928 kampuni ikabadili njia. Kontra ikawa ya miaka 3, mtu akaruhusiwa kuja na mke wake, zikajengwa nyumba za kambi, lopitali, shule na nyumba za kuzalia. Posho ya chakula ikagawanywa. Haikuwa huruma tu: kufundisha mtu mpya kila mara kulikuwa hasara, na mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho. Kolwezi yetu yenyewe ilianza hivyo, mwaka 1937, mji wa kampuni uliopangwa kwa ajili ya migodi ya magharibi.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno la kampuni kuwa baba na mama. Ni neno zuri, na wazee walilisema kwa moyo. Lakini fikirini vizuri. Baba anatoa, na hafanyi hesabu mbele ya mtoto. Mtoto hamuulizi baba kwa nini nyama yake ni ndogo kuliko ya mwingine. Baba akikasirika, hakuna ofisi ya kwenda kushitaki. Ukarimu ulikuwepo, haki ya kuuliza haikuwepo.

Wakati wa vita vya pili vya dunia jambo hili likaonekana wazi. Shaba ya Katanga ilihitajiwa na Waingereza na wenzao, kazi ikaongezwa, na bei za vitu zikapanda. Vijijini serikali ya wabeligiji ilipandisha kazi ya lazima kutoka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka, na jina lake lilikuwa juhudi ya vita. Hii nayo waliiita ziada! Lakini ziada inayodaiwa kwa fimbo si ziada, ni kodi.

Mwaka 1941 wazungu wa kampuni walijipanga katika chama na kudai nyongeza ya mshahara. Watu weusi hawakuwa na ruhusa ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Mwezi wa 12 nao wakaacha kazi. Tarehe 9, wagomaji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Waliokufa walikuwa makumi, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyo, aliyekuwa akiwasemea wenzake. Ulizo la mshahara lilikuwa limeulizwa mbele ya mkubwa, likajibiwa kwa bunduki. Vyama vya weusi viliruhusiwa mwaka 1946, tena chini ya jicho la serikali.

Kwa hiyo tunaposema wazee walikuwa na moyo, tusisahau kwamba moyo ule ulikuwa na kidonda ndani yake tangu zamani.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali za Union Minière, na kampuni ikawa ya taifa, ile ambayo baadaye tuliiita Gécamines. Mambo mengi ya baba na mama yakabaki: mfuko wa unga, shule, lopitali, nyumba. Kilichobadilika ni kwamba mtu mweusi sasa aliweza kupanda. Mtoto wa kambi aliweza kurudi kutoka masomoni na kuwa mhandisi kwenye kariere ambako baba yake alisukuma toroli. Tofauti kati ya wakubwa na watu wa chini ilibaki kubwa sana, hiyo nakubali. Hata hivyo mtu aliijua klasi yake, na alijua njia ya kuelekea klasi ya juu.

Halafu ikaja 1978. Tarehe 13 Mei wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi kutoka Angola. Tarehe 19 askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka kwa miavuli, na siku iliyofuata Wabeligiji wakafika. Waliokufa walikuwa mamia, weusi na weupe. Wageni wengi wakasafirishwa kwenda kwao. Mji ukabaki na harufu ya vifo, na mashimo yakabaki yanangoja pampu. Kazi ikaanzishwa upya na waliobaki, na wengi wao walikuwa wenyeji. Hakuna kontra inayoandika kwamba utarudi kwenye usine wakati majirani zako bado wanazikwa. Watu walirudi. Baba alikuwa mmoja wao. Na katika miaka ya 1980 Gécamines ilizidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1986 ilifika karibu tani 476,000, kilele chake.

Ilikuwaje basi kilele kile kikaanguka kwa haraka vile? Mnajua sababu kubwa. Reli ya Lobito ilifungwa na vita vya Angola tangu 1975. Bei ya shaba ilishuka. Tangu 1974 biashara ya madini ilipitia shirika la serikali, SOZACOM, na pesa nyingi ya shaba ilikwenda Kinshasa bila kurudi kununua vipuri. Mwezi wa 9 mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya udongo wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 uporaji uliochochewa na wanajeshi ulikumba miji ya nchi nzima, na kwetu ukafika.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatupendi kuisema mezani. Tangu 1992, wakati Kyungu wa Kumwanza alipokuwa gavana wa Katanga, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa: kazini, nyumbani, mitaani. Wengi wao walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na Union Minière yenyewe. Katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi walikaa majuma na miezi wakingoja gari moshi, na watoto walikufa pale pale. Mtu aliyekuwa mzuri kazini miaka 20 alifukuzwa kwa sababu ya jina lake.

Wengine kati yetu tunasema: ile ilikuwa siasa, si mambo ya kazi. Miye nasema ilikuwa mambo ya kazi kabisa. Waliobaki walijifunza somo. Walijifunza kwamba bidii haikulindi, kwamba kaye yako ya miaka 20 inaweza kutupwa kwa sababu ambayo haimo ndani yake. Aliyepata cheo cha jirani aliyefukuzwa alijua moyoni jinsi alivyokipata. Nani atatoka na mvua kuangalia pampu katika nyumba ya namna hiyo? Mwaka 1993 shaba ya Gécamines ilikuwa imekwisha kushuka chini ya tani 50,000.

Hata hivyo, na hapa kuna jambo gumu, watu hawakuacha kwenda kazini. Miaka ya 1990 mishahara ilianza kuchelewa, mwezi, miezi, hatimaye zaidi ya miaka miwili kwa wengi. Na asubuhi bado watu walivaa salopeti. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika katika kazi yangu ya mwisho kwamba huo ulikuwa moyo wa ziada wa ajabu. Leo ninajisahihisha. Mtu aliyeacha kazi mwenyewe alikuwa katika hatari ya kupoteza nyumba ya kambi, shule ya watoto, lopitali, na ile dekonte finali aliyoingoja kama mavuno. Baadhi walikwenda kwa moyo. Wengi walikwenda kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Kwa nje, uvumilivu wa mtu aliyefungwa na moyo wa mtu huru vinafanana sana, na ofisi nyingi za watumishi zinachanganya viwili hivi mpaka leo.

Tofauti inaonekana usiku. Katika miaka ile ile, nyaya zilikatwa, shaba safi ikatoka kupitia ukuta, kobalti ikabebwa kwenye mifuko. Sisifu wizi. Lakini mwaka 1990 Greenberg alitoa uchunguzi ambao kila mkubwa wa hapa angeusoma. Kampuni moja ya Marekani ilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa majuma 10 katika viwanda viwili. Katika kimoja, wakubwa walikaa na watu, wakawaonyesha hesabu, wakaeleza na kusikitika nao. Katika kingine walisema maneno machache wakaenda. Makato yalikuwa sawasawa. Wizi ulizidi zaidi sana kule ambako hakuna aliyeelezwa kitu. Huku kwetu muda haukuwa majuma 10. Ilikuwa miaka, na watu walilishwa ahadi na Kifungu cha 15: jipange mwenyewe.

KOV, shimo kubwa kati ya mashimo yetu, pampu zilishindwa, likawa ziwa. Nilipita pale nikiwa kijana, nikaona maji yametulia. Sikuwa na la kusema.

Mwaka 2003 ukaja mpango wa serikali uliolipiwa na Benki ya Dunia, jina lake Opération Départs Volontaires. Watumishi 10,655 wa Gécamines waliondoka, wengi wao watu wa zaidi ya miaka 25 ya kazi. Liangalieni neno lenyewe: kuondoka kwa hiari. Mtu ambaye hajalipwa zaidi ya miaka miwili anawekewa bahasha mbele yake na kuambiwa achague. Wengi walisaini. Baadaye walilalamika kwamba hesabu haikufuata sheria ya kazi wala makubaliano ya pamoja ya kampuni, na mwaka 2009 baadhi yao walifikisha malalamiko mpaka kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, aliyekusanya masimulizi ya wafanyakazi hao kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha kuwaita katika kitabu chake cha 2001 Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Ukiketi na wazee wale leo, utasikia jambo ambalo linashangaza wageni. Bila shaka kiasi cha pesa kinawauma. Lakini wanaporudia habari, wanarudia hesabu: nani aliihesabu, kwa kanuni gani, mbona sikuonyeshwa. Wengine bado wanatunza karatasi zao katika mifuko ya plastiki, na miaka yao yote imeandikwa humo. Wanangoja mtu aisome.

Sasa tumefika kwetu. Tangu mwaka 2015 Lualaba ni jimbo na Kolwezi ndiyo makao yake makuu. Kampuni za nje zimejaa, mashimo yamekaushwa, Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba mwaka 2021, malori hayapumziki usiku wala mchana. Na nchi inatoa shaba nyingi kuliko wakati wowote wa Gécamines. Lakini ndani ya geti moja mnakuta watu wa namna mbili. Uchunguzi wa RAID na CAJJ uliotolewa mwezi wa 11 mwaka 2021, katika migodi mikubwa mitano ya viwanda, uliona kwamba zaidi ya nusu ya watumishi waliletwa na kampuni za sutretansi. Wawili wanafanya kazi upande huu na upande huu wa mkanda mmoja, na mishahara yao, matibabu yao, hata chakula chao cha mchana si kimoja. Mwaka 2017 nchi iliweka sheria ya sutretansi ili kampuni za wenyeji zipate kazi hizo. Ni vizuri. Lakini bosi kuwa mwenyeji hakumpi mtumishi wake haki kwa yenyewe tu. Mkubwa aliyeniambia niandike barua ile alikuwa mtoto wa hapa hapa, na miye niliyeiandika pia.

Najua mtu ataniambia: papa, unaomba kampuni zilipe wote sawa, haiwezekani, soko ni soko. Sawa. Mgawo ni vita ya vyama vya wafanyakazi na ya sheria, na lazima ipiganwe. Lakini kuna haki ambayo haigharimu hata franga moja. Kusoma kile mtu alichoandika, na kutia sahihi chini yake. Kueleza kwa nini huyu yupo kwenye orodha na yule hayupo. Kuweka kanuni moja kwa watu wanaosimama kando ya bomba moja. Yule kijana hakuniomba mshahara wa mwenzake. Alikuwa ametoa ziada yake bure, kwa maandishi, wiki tatu mbele ya ajali. Sisi ndio tulioikataa. Halafu tukamwadhibu kwa kutoitoa mara ya pili.

Kwa hiyo, nikisikia kwamba vijana hawana moyo, ninauliza: kaye yao nani anaisoma?

Kuna mambo mawili ya kumalizia.

Yule kijana nilikutana naye mwaka jana. Anaendesha moto ya kubeba watu. Nilipanda bila kumtambua, yeye akanitambua. Nilimwambia kwamba niliona maandishi yake katika kaye, na kwamba niliona mbele ya kuandika barua, si nyuma. Nilitaka ajue. Alinyamaza mpaka tukafika. Akasema tu, "Kumbe ulisoma." Akakataa pesa ya safari, nikamlazimisha, akaikamata. Sijui kama alinisamehe, na sikumuuliza.

La pili ni dogo. Mahali ninapofanya kazi sasa, kanuni ya primi nimeibandika ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na hesabu yake hatua kwa hatua, na majina yote. Juma la kwanza watu walisimama tu mbele ya karatasi bila kusema neno, kama watu wanaotafuta majina ya ndugu kwenye orodha ya wagonjwa. Juma la pili mama mmoja wa usafi aliingia ofisini mwangu baada ya saa zake za kazi. Alikuwa amekosoa hesabu yangu: nilikuwa nimemkata mwenzake siku mbili za likizo ya msiba ambazo hazikupaswa kukatwa. Jina lake mwenyewe lilikuwa sawa. Alikuja juu ya mwingine, ambaye siku ile hakuwepo.

Nikachukua kalamu, nikasahihisha, nikatia sahihi mbele yake.

Nawasalimu wote kutoka Kolwezi.